KIWANJA KISICHO NA MWENYEWE: DHAMANA NI YA NANI?

Ndugu zangu Waislamu, liko suala ambalo kila mji unalo, walakini ni wachache walitiao moyoni. Kiwanja kikikaa kitupu baina ya nyumba, kikajaa taka na nyasi, na kila mpita njia akakunja uso, je, lawama ni ya nani?

Jawabu la wengi ni kuwa hiyo ni kazi ya serikali, kwani kodi tumekwisha kulipa. Neno hili lina haki ndani yake, walakini halimtoi jirani katika dhamana. Wanavyuoni wametufundisha kuwa ziko faradhi za kila mtu kwa nafsi yake, na iko fardhi kifaya: wakiitenda baadhi, wote husalimika; ikiachwa na wote, wote hupata dhambi. Kuwaondolea watu madhara ni katika hiyo. Maji yaliyotuama huzaa mbu, na mbu hamwulizi mtu stakabadhi ya kodi.

Tizameni Kawetele, katika mji wa Tukuyu, nchi ya Rungwe. Huko mvua ni nyingi na udongo una rutuba. Pahala pakiachwa, mwitu hupachukua upesi. Pakitiwa mkono, udongo ule ule hutoa kivuli na maua. Kinachokhitalifiana ni nia za majirani tu.

Wala haya si maneno matupu. Dandora, mashariki ya Nairobi, ni mtaa ulioanza kujengwa miaka ya 1970, na nyumba zake zimezunguka nyua za shirika. Nyua nyingi ziligeuka majaa. Katika miaka ya 2010 vijana wa mtaa walizizoa taka, wakapanda miti, wakawatengezea watoto pahala pa kucheza, kisha ua na ua wakashindana kwa uzuri. Nao si matajiri, na jaa kuu la Nairobi liko papo hapo kwao.

Walakini kusafisha ni nusu ya kazi; nusu ya pili ni kulinda. A. M. Jeevanjee, tajiri Mwislamu mzaliwa wa Karachi, aliwapa watu wa Nairobi bustani mwaka 1906. Mwaka 1991 palizuka shauri la kuijenga. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama pamoja na wenziwe wakapinga, na bustani ikasalia. Kumbe hata sadaka yataka mlinzi.

Tena aliyesafisha asijimilikishe. Sharia humpa haki mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa, lakini si ardhi yenye mwenyewe, wala ile ambayo watu wa mji wanaihitaji. Basi ombeni ruhusa kwanza, wekeni hesabu wazi, wala asizuiliwe maskini au jirani wa dini nyingine. Kivuli cha mti hakibagui.

Kila mmoja wetu na atoke mlangoni kwake atizame, kisha ajiulize: nikingoja mwenzangu aanze, na yeye angoja nani?

Wabillahi taufiki.