Ramadhani, siku ya 14: Gia iliyolegea

 

Leo naanza na gari. Mnalijua lile la kwangu, Celica ya mwaka 1983, milango miwili, pua ndefu, vijana wa stendi wakiliona wanauliza, "Ustaadh, unaenda mashindanoni?" Liliachwa na marehemu kaka yangu, ndiyo maana siliuzi. Mkono wake wa gia ulikuwa umelegea siku nyingi. Ukiwa nyutro unayumba kama mkia wa ng'ombe, na ukitafuta gia ya pili unaweza kuangukia ya nne. Mimi sikuona shida. Mkono wangu ulishajua: unausukumia kushoto kidogo, unavuta taratibu, inaingia. Nilizoea mpaka nikasahau kwamba ule ni ubovu.

Mwezi wa Shaaban nilikwenda msibani Tabora kwa basi, gari nikaliacha nyumbani. Usiku mke wa jirani akashikwa na uchungu. Mdogo wangu, dereva mzuri tu mwenye leseni, akachukua ufunguo. Walipofika njia panda, pale malori ya Rwanda na Burundi yanapokutana na mabasi ya Mwanza, akaondoka na gia ya kwanza, akavuta ya pili, ikaingia ya nne. Gari likatetemeka, likazima katikati ya barabara. Lori linakuja, honi imeshikiliwa. Alhamdulillah, yule dereva alifunga breki mapema. Mtoto amezaliwa salama, wa kike.

Mdogo wangu aliponipigia simu hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kaka, mbona hukuniambia?" Nikakosa jibu. Ningemwambiaje jambo ambalo mwenyewe nilishaacha kuliona?

Kwa fundi nilikwenda nimejiandaa kushusha giaboksi. Akaniuliza swali moja: "Ustaadh, gia ikishaingia, huwa inachomoka yenyewe?" Nikasema hapana. "Basi giaboksi iache. Tuanzie juu." Akatoa raba, akafungua kifuniko, akachomoa mkono wote. Kumbe chini yake pana kijibushi cha plastiki, kama kikombe kidogo, kinachoikumbatia ncha ya mkono. Cha kwangu kilishalika, vimebaki vipande. Akavitoa kimoja kimoja visidondokee ndani, akasafisha, akapaka grisi. Spea ikaja na basi kutoka Mwanza, shilingi 15,000. Kazi yenyewe haikufika saa moja. (Wenye magari yanayovutwa na matairi ya mbele, mengi gia zake hupita kwenye kebo, na bushi ziko kwenye ncha za kebo. Mwambie fundi aangalie huko kabla hajakutajia giaboksi.)

Gia ikakaza. Lakini siku mbili nzima mkono wangu uliendelea kusukumia kushoto, unatafuta kitu ambacho hakijapotea.

Sasa sikilizeni. Juzi nilichelewa madrasa, nikawakuta watoto wanaswali Adhuhuri, mmoja wao kawa imamu. Rukuu hajatulia, keshainuka. Hajanyooka, keshasujudu. Kati ya sijda mbili hata hakukaa. Wanadonoa kama kuku. Nikasimama mlangoni nimeshika fimbo, nasubiri watoe salamu. Kisha nikamwona yule mtoto kabla ya kusujudu anavuta mkono wa kanzu kwa vidole viwili. Ile ni tabia yangu mimi. Ninyi mliozoea safu ya mbele mnaijua. Yule mtoto hakukosea, alikuwa ananifuata mwalimu wake. Fimbo nikairudisha.

Katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Abu Huraira, imo habari ya mtu aliyeingia msikitini akaswali, kisha akaja kumsalimia Mtume (s.a.w.). Akaambiwa arudi akaswali, maana hakuswali. Akarudi, akaswali vilevile. Ikawa hivyo mara tatu. Mimi zamani nikisoma hadithi hii nilikuwa najiuliza, huyu mtu mbona harekebishi? Sasa namwelewa. Kwake ile ndiyo ilikuwa swala. Mwisho akaapa kwamba hajui nzuri zaidi ya hiyo, akaomba afundishwe. Na Mtume (s.a.w.) hakumwongezea rakaa hata moja. Alimfundisha kutulia: arukuu mpaka atulie, ainuke mpaka anyooke, asujudu mpaka atulie.

Ndugu zangu, tarawehe yetu ya nusu hii ya mwezi nimeikimbiza mimi. Wengine mmenisifu kwamba kwetu tunamaliza mapema kuliko misikiti mingine ya Nzega, na mimi nikafurahi. Mzee mmoja wa safu ya kwanza aliniambia tangu usiku wa pili kwamba magoti yake hayaniwahi. Nikadhani analalamikia magoti.

Mzee wangu, nisamehe.

Kuanzia leo usiku tutachelewa, pengine dakika ishirini. Mwenye lori linalomngoja au bodaboda ya kurudisha kwa tajiri, atoke baada ya rakaa nane, hana lawama. Na nikianza kukimbia tena, maana mazoea hayaishi kwa siku moja, niambieni papo hapo tukishatoa salamu. Watoto wa madrasa leo waje, wakae safu ya pili, mahali wanaponiona.

Allah atutakabalie. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.