Taharuki na Shutuma: Swali la Kimaadili Kuhusu Ufunguzi wa Filamu

Kaida za filamu ya taharuki zinafahamika hata kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Giza liwe linaingia. Aje mtu asiyejulikana. Uso wake ufichwe. Sauti isikike kabla ya mwenye kuitoa kuonekana. Hadhira ipewe ishara, inyimwe maelezo. Mwanafunzi aliyepewa zoezi la kutengeneza ufunguzi wa dakika mbili, naye akaenda kuupigia picha katika nyanda za Kitengela, hahitaji vifaa vingi: ua wa seng'enge, mbwa wanaobweka, taa moja ya pikipiki inayolikaribia boma usiku. Mtazamaji ataogopa bila ya kuambiwa aogope nini.

Makala haya yanauliza hofu hiyo hutoka wapi, na ni nani anayeilipia.

Haitoki katika kamera. Mtazamaji huja nayo. Ardhi ya malisho ya Kajiado imekatwakatwa na kuuzwa kwa miongo kadhaa, majirani wamekuwa watu wasiojuana, na mfugaji ana sababu za kweli za kumhofia mwizi wa ng'ombe. Tarehe 8 Agosti 2021, vijana wanne waliokuwa wakisafiri kwa pikipiki waliuawa na umati karibu na Kitengela kwa kudhaniwa kuwa wezi wa mifugo. Familia zao zilikana tuhuma hiyo. Hatudai hata kidogo kwamba filamu ndiyo iliyowaua. Tunalosema ni kwamba umati ule ulizisoma ishara kama hadhira inavyofunzwa kuzisoma: usiku, mgeni, pikipiki, basi hukumu.

Mhakiki atatujibu kwamba utanzu huu umeishi kwa shutuma za uongo tangu zamani, na kwamba mshukiwa husafishwa baadaye. Ni kweli. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), Muhammed Said Abdulla aliwaachia wasomaji wake wauogope mzimu, kisha akampa Bwana Msa riwaya nzima ya kuonyesha kwamba muuaji ni binadamu. Hofu ya mwanzo ilikuwa mkopo, na mwandishi akaulipa.

Zoezi la mwanafunzi halina nafasi hiyo. Linakoma pale mkopo unapochukuliwa. Mwenye pikipiki anabaki mwizi milele kwa sababu dakika ya tatu haipo, na mwalimu hutoa alama kwa jinsi kaida zilivyotimizwa.

Wapo watakaopendekeza kamera ipandishwe nyuma ya pikipiki, tuzione tochi na marungu yakitujia. Kaida zote zitabaki, na hofu itahamia upande wa pili. Lakini hapo Mmaasai ndiye anayegeuzwa kivuli kisicho na uso, jambo ambalo wageni wenye kamera wamekwisha kumfanyia vya kutosha, na ng'ombe aliyeibiwa kweli wiki iliyotangulia hana mahali katika picha.

Kwa hiyo hatupendekezi kubadilisha upande, wala kuipiga marufuku pikipiki. Mwanafunzi na atakiwe kuwasilisha, pamoja na ufunguzi wake, tukio la mwisho katika maandishi, hata kama halitapigwa picha kamwe: aliyekuja usiku ule alikuwa nani, alikuwa akienda wapi, na mwenye boma alikuwa amepoteza nini. Ukurasa mmoja unatosha, nao utolewe alama sawa na picha.