Mizizi ya Mugariga na Swali la Ushahidi

Hoja inayosikika mara nyingi katika utetezi wa dawa za mitishamba, yaani dawa zitokanazo na mizizi, magome, majani na mbegu, ni kwamba mimea imeumbwa na Mungu kwa faida ya binadamu, na kwa hiyo haiwezi kumdhuru anayeitumia. Kiimani hoja hiyo ina mvuto, lakini kimantiki haisimami. Mbegu za mnyonyo zina sumu inayoweza kumuua mtu mzima, ilhali mafuta yanayokamuliwa katika mbegu hizo hizo yametumika tangu kale kulainisha choo, kwa kuwa sumu hiyo haichanganyiki na mafuta bali hubaki katika mashudu. Mmea ni mmoja na Muumba ni mmoja, ila matokeo yanategemea sehemu iliyotumika, namna ilivyotayarishwa na kipimo alichopewa mgonjwa.

Suala huwa gumu zaidi pale dawa inapodaiwa kutoka kwa Mungu si kwa njia ya uumbaji tu, bali kwa njia ya ufunuo. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mkoani Arusha, Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, alikuwa akiwanywesha wagonjwa maji yaliyochemshwa kwa mizizi ya mti uitwao mugariga, ambao wataalamu wa mimea huuita Carissa spinarum. Alieleza kwamba Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto, kwamba kikombe kimoja kinatosha kwa shilingi 500, na kwamba kinaponya magonjwa sugu, yakiwemo ukimwi, kisukari na saratani. Watu wakamiminika kutoka pande zote za nchi na nchi jirani, foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi, na baadhi ya wagonjwa walifia njiani kabla ya kukifikia kikombe.

Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini ni sharti aliloliweka Mwasapile mwenyewe, kwamba dawa ilifanya kazi ikinywewa palepale Samunge na ikitolewa kwa mkono wake tu. Sharti hilo lilibadili kabisa aina ya dai, kwani kama mugariga ndio uponyao, ungeponya popote unapochemshwa na yeyote awaye, na kama hauponyi bila mkono wa mchungaji, basi kinachodaiwa kuponya si mti bali ni neema, na mti umebaki kuwa ishara yake tu. Hata hivyo, wataalamu wa serikali walipouchunguza mti huo na kutangaza kwamba hauna madhara kwa mnywaji, wengi walilipokea tangazo hilo kana kwamba limethibitisha uponyaji. Kutokuwa na sumu na kuwa na tiba ni mambo mawili, na hata huo usalama ulikuwa wa kile kilichomo kikombeni, usiomhusu mgonjwa aliyekinywa kisha akaacha dawa za kufubaza virusi vya ukimwi au sindano za insulini. Wapo walioacha. Kwa mtu wa namna hiyo, hata maji matupu yangekuwa hatari.

Wanaodhani kwamba kuidai dawa ithibitishwe ni upungufu wa imani hawaungwi mkono na mapokeo ya dini zenyewe. Katika Yoshua bin Sira, kitabu kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, sura ile ile inayosema Bwana ameziumba dawa kutoka ardhini inaagiza pia kwamba tabibu aheshimiwe kwa ujuzi wake. Ibn Khaldun, mwanachuoni wa Kiislamu wa karne ya 14, alikwenda mbali zaidi katika Muqaddima yake aliposema kwamba tiba zilizosimuliwa kutoka kwa Mtume zilikuwa sehemu ya desturi za Waarabu na si sehemu ya wahyi, kwa kuwa Mtume alitumwa kufundisha sheria, hakutumwa kufundisha utabibu. Wauzaji wa habbasoda wanaoahidi, kwa kumnukuu Mtume, kwamba inatibu kila kitu isipokuwa kifo wangefaidika kumsoma.

Wala uthibitisho haukuwekwa ili kuudhalilisha mti shamba. Mtafiti Tu Youyou wa China aliichunguza pakanga, ambayo hutumiwa katika tiba ya jadi ya nchi yake, akaongozwa na kitabu cha tabibu Ge Hong cha karne ya 4 kilichoelekeza mmea uloweshwe bila kuchemshwa, akatambua kwamba joto kali huiharibu dawa iliyomo. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana artemisinini, msingi wa dawa za mseto za malaria, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Pamoja na hayo, Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya majani ya pakanga kwa malaria, kwa sababu kiasi cha dawa hutofautiana kati ya kikombe na kikombe.

Basi anayesema ameoteshwa dawa ana haki ya kusikilizwa, lakini hana haki ya kusamehewa kipimo. Mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa hiyo arudi hospitali akapimwe kabla ya kuacha hata kidonge kimoja.