Mzizi Usio na Mmea: Swali la Ukamilifu wa Kiumbe

Mzizi uliokatwa kutoka kwenye mmea unaweza kuendelea kuishi, kurefuka na kuchipua mizizi mingine bila shina wala jani. Mwaka 1934, nchini Marekani, mtafiti wa mimea Philip White alilithibitisha hilo kwa kukuza ncha za mizizi ya nyanya katika maji yenye sukari, chumvi za madini na dondoo la hamira, huku akikata ncha mpya na kuzihamishia katika chupa nyingine. Hapo swali la kale la falsafa lilipata mfano wa kushikika: je, mzizi huo ni sehemu tu ya mmea, au ni kiumbe kamili?

Aristotle alilijadili suala hilo katika kitabu chake kuhusu nafsi. Kwake, kiungo cha mwili kisichoweza tena kufanya kazi yake ni kiungo kwa jina tu. Mimea, hata hivyo, aliiona tofauti: vipande vyake huendelea kuishi vikitenganishwa, hivyo nafsi ya mmea ni moja kwa uhalisi lakini ni nyingi kwa uwezekano. Ibn Sina naye alieleza kwamba nafsi ya mimea ina nguvu tatu: kujilisha, kukua na kuzaa. Mzizi wa chomboni unakua bila shaka yoyote. Mashaka yako katika kujilisha na kuzaa.

Kuhusu kujilisha, bioreakta zenyewe, yaani vyombo vya kukuzia mizizi hiyo, zinatoa ushahidi. Ardhini, jani huutengenezea mzizi sukari, nao mzizi hulipa jani maji na madini, huku nafasi zilizo kati ya chembe za udongo zikileta oksijeni. Chomboni, kazi ya jani na ya udongo inahamia mikononi mwa binadamu. Tangi lenye mapanga ya kukoroga husambaza chakula vizuri, lakini mapanga hayo huijeruhi mizizi. Chombo kinachopulizwa hewa kutoka chini ni cha upole zaidi, na ndicho kilichotumika Korea Kusini kukuza mizizi ya jinseng katika matangi ya lita 10,000. Hata hivyo, mizizi ikisongamana, ile ya katikati hukosa hewa, kwa kuwa maji hubeba oksijeni kidogo sana. Bioreakta ya ukungu hutatua tatizo hilo kwa kuiacha mizizi hewani na kuinyunyizia matone madogo ya virutubisho, lakini ni lazima mizizi ipate wavu wa kushikilia. Nyingine huizamisha mizizi kwa muda mfupi, kisha maji huondolewa ili ipumue. Kila chombo kina nguvu na udhaifu wake, ila vyote vinathibitisha jambo moja: mzizi peke yake haujitoshelezi kwa chakula.

Kuhusu kuzaa, mambo ni tofauti. Bakteria aitwaye Agrobacterium rhizogenes huingiza sehemu ya jeni zake katika seli za mmea, na hapo huota mizizi mingi inayokua haraka bila kuongezewa homoni. Kutoka kwenye mizizi ya aina hiyo ya tumbaku, wataalamu wameotesha mimea kamili. Uwezekano aliousema Aristotle kweli umo ndani ya mzizi.

Mwanafalsafa Kant, mwaka 1790, aliongeza kipimo kingine: katika kiumbe hai kila sehemu ni lengo na pia ni njia kwa sehemu nyingine. Mzizi wa chomboni umepoteza uhusiano huo. Haulishi jani lolote; kemikali unazotengeneza huvunwa kwa ajili ya dawa na vipodozi, na lengo la kuwapo kwake limewekwa na mtu aliye nje yake.

Kwa hiyo uhai na ukamilifu si kitu kimoja. Mzizi wa chomboni ni hai, na una uwezo wa kuwa mmea, lakini si mmea kamili, kwa kuwa ukamilifu wa kiumbe umo katika kupeana kwa sehemu zake. Anayeutenga mzizi na jani lake anabeba wajibu wa jani: asipoulisha na kuupa hewa, unakufa. Wajibu huo ni halali kuubeba pale unapoipunguzia mimea ya porini hatari ya kung'olewa hadi kutoweka kwa ajili ya mizizi yake.