Mpaka Hulindwa na Nini?

Mtu wa Kitale huuona Mlima Elgon upande wa magharibi. Mtu wa Bungoma huuona upande wa kaskazini. Mlima ni mmoja. Juu yake hupita mstari usioonekana kwa macho, nao huitwa mpaka wa Kenya na Uganda. Wabukusu wa Bungoma wana ndugu zao Wagisu ng'ambo ya mto Lwakhakha, na Wasabaot wana ndugu zao Wasebei upande wa pili wa mlima. Ng'ombe, mahindi na maharusi vilivuka mahali hapo kabla mstari haujachorwa, na vyavuka hata leo. Basi yafaa tuulize: mpaka wa namna hii hulindwa na nini? Tena, ni kiasi gani cha mali ya umma chapasa kutumiwa kwa silaha za kuulinda?

Swali hili lina wasemaji wa pande mbili, na si haki kutoa hukumu kabla ya kuwasikiliza wote. Wa kwanza husema kuwa taifa ni kama mkulima wa Trans Nzoia. Amelima, amepalilia, amevuna, na ghala lake limejaa. Akiacha mlango wazi, jasho lake la mwaka mzima litakuwa chakula cha mwizi. Kwa hiyo bei ya kufuli si hasara, bali ni sehemu ya gharama ya mavuno. Wa pili hujibu kuwa mkulima auzaye mbegu ili anunue kufuli atalinda ghala tupu. Shilingi iliyokwenda katika ndege ya vita haiwezi kwenda tena katika dawa, darasa wala mbolea. Wote wawili wasema kweli. Kazi ya akili ni kutambua kweli ya kila mmoja yaishia wapi.

Historia ya Bungoma yampa nguvu msemaji wa kwanza. Karibu na Webuye kuna kilima cha Chetambe. Mwaka 1895 Wabukusu walijikinga hapo nyuma ya handaki na ukuta wa udongo, kama walivyozoea kujikinga na maadui wa zamani. Waliokuja kuwapiga safari hiyo waliongozwa na Mwingereza C. W. Hobley, nao walikuwa na bunduki ambazo ukuta wa udongo haukujengwa kuzikabili. Watetezi hawakukosa ushujaa. Walikosa silaha za kulingana na za adui wao, na wengi walikufa ndani ya ngome yao wenyewe. Mtu asemaye kuwa moyo safi watosha kulinda nchi, na apande kilima kile, akae kitako, afikiri.

Miaka 81 ilipita, na hatari ikaja kwa sura nyingine. Mwezi wa Februari 1976 Idi Amin, mtawala wa Uganda, alidai kuwa sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa mali ya Uganda kwa asili. Dai lake lilitwaa chembe ya kweli, kwa kuwa hadi mwaka 1902 sehemu hiyo ilihesabiwa katika himaya ya Uganda, ndipo Waingereza walipoihamisha. Lakini mataifa ya Afrika yalikwisha kupatana huko Cairo mwaka 1964 kuwa yataheshimu mipaka yaliyoirithi siku ya uhuru, maana kila taifa likifufua ramani ya babu zake, hapana atakayelala usingizi. Rais Jomo Kenyatta alijibu kuwa Kenya haitatoa hata inchi moja ya ardhi yake. Mwaka huo huo serikali iliagiza Marekani ndege 12 za vita za aina ya F-5.

Hapa yatupasa kutazama tarehe kwa makini. Ndege hizo zilianza kufika mwaka 1978, lakini ugomvi wa 1976 ulikwisha kutulizwa mwaka ule ule. Uganda haina bahari. Mafuta yake na bidhaa zake hupita Mombasa, na Kenya ilipoibana njia hiyo, Amin alirudi katika maneno ya mapatano. Basi mwaka ule Kitale na Bungoma zililindwa na msimamo wa wananchi, na sheria iliyokubaliwa na mataifa, na biashara, na ulimi wa wajumbe, kabla ndege moja mpya haijaruka.

Je, fedha za ndege zilipotea bure? Sithubutu kusema hivyo. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, katika nchi ya Tanzania, yakaua na kupora. Tanzania ililazimika kupigana, na vita havikuisha mpaka utawala wa Amin ulipoanguka mwezi wa Aprili 1979. Gharama za vita hivyo zililiumiza taifa lile kwa miaka mingi. Kwa hiyo aliyeagiza silaha mwaka 1976 hakuogopa kivuli. Jirani mbaya alikuwako kweli, na aliyechagua kupigwa kwanza hakuwa Kenya.

Lakini silaha ni mtumishi asiyemjua bwana wake, humtii amshikaye. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali. Damu ilimwagika Nairobi, na jeshi lile likavunjwa likaundwa upya. Kikosi kilichopewa ndege ili kuilinda nchi ndicho kilichoitikisa. Wazee hawakukosea waliposema, kikulacho ki nguoni mwako.

Methali hiyo ilitimia vibaya zaidi katika mlima wetu wenyewe. Ugomvi wa ardhi katika makazi ya Chebyuk ulikaa miaka mingi bila kuamuliwa kwa haki. Waliopewa mashamba walinyang'anywa, wengine wakapewa, na kila ugawaji ulizaa manung'uniko mapya. Mwisho vijana walishika bunduki, wakajiita Jeshi la Ulinzi la Ardhi ya Sabaot. Kati ya mwaka 2006 na 2008 zaidi ya watu 600 waliuawa na kundi hilo, wengine wakakatwa masikio, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Bungoma na Trans Nzoia wakiacha mashamba yao. Hakuna jeshi la kigeni lililovuka Suam wala Lwakhakha. Jina la ulinzi lilikuwa mdomoni mwa wale wale waliokuwa wakiua.

Mwezi wa Machi 2008 serikali ilituma jeshi kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Kundi lile lilivunjwa, na kiongozi wake akauawa mwezi wa Mei. Lakini mashirika ya haki za binadamu yalikusanya ushahidi wa wanaume waliokamatwa kwa mamia, wakateswa, na baadhi yao hawakuonekana tena. Jeshi lilikana. Wako wanawake mlimani waliompoteza mume kwa mkono wa kundi, na wako waliompoteza baada ya kuchukuliwa na askari waliokuja kuwaokoa. Mwanamke wa namna hiyo ukimuuliza kama nchi yake inalindwa, atakujibu nini? Karibu na miaka ile ile Kenya ilinunua kutoka Jordan ndege nyingine za F-5 zilizokwisha kutumika, na watu wakahojiana juu ya bei yake na ubora wake. Ndege hizo, ziwe nzuri ziwe mbovu, zisingaliweza kuamua shamba la Chebyuk ni la nani. Kazi hiyo ilihitaji karani mwaminifu, mpima ardhi, na hakimu asiyepokea rushwa, na mishahara ya watu hao yote pamoja ni midogo kuliko bei ya ndege moja ya vita. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na taifa lisilotenda haki mapema hulipa baadaye kwa risasi, ambazo ni ghali zaidi.

Basi hukumu yangu ni hii. Taifa maskini lina haki ya kununua silaha, na pengine lina wajibu. Chetambe na Kagera zatufundisha hivyo. Lakini kinachostahili kulindwa si mstari juu ya ramani, bali ni mtu anayelala karibu na mstari huo. Matumizi ya ulinzi yapimwe kwa usingizi wake. Mtu huyo akiogopa jirani mwenye mizinga, silaha ni halali. Akiogopa njaa, au mwenziwe, au askari wake mwenyewe, fedha zile zile zinatafuta kazi mahali pengine, na kuzimimina katika ndege ni kufunga mlango wa mbele hali moto unawaka jikoni.

Tena, silaha za umma zataka hesabu mbele ya umma. Sitaki siri za vita zitangazwe sokoni. Lakini bajeti ya ulinzi ya Kenya siku hizi imepita shilingi bilioni 100 kwa mwaka, na neno siri lisiwe blanketi la kufunikia bei mbaya au tendo baya. Katiba ya mwaka 2010 yaagiza kuwa jeshi lisitumwe kutuliza ghasia ndani ya nchi bila idhini ya Bunge la Taifa. Agizo hilo ni ukuta pia, nao ni wa karatasi. Hausimami ila raia wakiusimamia.

Msomaji kijana, huenda siku moja utavaa sare, au utaketi bungeni, au utalima mahindi chini ya mlima huu na kulipa kodi. Katika kazi yoyote utakayoishika utaulizwa kukubali bei ya silaha fulani kwa jina la usalama. Usikatae kwa pupa, maana maadui wako duniani. Usikubali kwa pupa, maana hofu hununua vibaya. Uliza kwanza ni nani anayelindwa, na hatari ipi, na nani atakayetoa hesabu. Kisha uende ukamwulize mtu wa mlimani kama usiku uliopita alilala.