Haki ya Upande wa Chini

Katika kazi zote zinazofanywa ndani ya nyumba ya mtu, ni chache mno zinazoficha sehemu kubwa ya nafsi zao kama kutandaza sakafu ya mbao ngumu. Kwa sababu atakayeingia chumbani baada ya fundi kwenda zake ataona uso mmoja tu wa ubao, uliopigwa msasa ukalainika na kupakwa vanishi ukang'aa, ilhali uso wa pili, na mbavu za ubao, na misumari yote, na zege lililo chini, vimesitirika machoni pa wanadamu kwa muda ambao huenda ukapita umri wa mwenye nyumba. Ndipo linapozuka suala ambalo wanazuoni wa dini na wa falsafa wamelijadili kwa njia nyingi: kitu kisichoonekana kina haki gani juu ya yule akifanyaye, na mdai wa haki hiyo ni nani?

Yafaa kwanza kuieleza kazi yenyewe. Zege huonekana kavu siku chache baada ya kumwagwa, walakini maji yaliyomo ndani yake hutoka polepole sana. Mafundi wenye tahadhari huhesabu takriban mwezi 1 kwa kila milimita 25 za unene, hata zege la milimita 100 likahitaji kiasi cha miezi 4 kabla ya kustahili kupokea mbao. Kipimo chepesi ni kubandika kipande cha nailoni juu yake, kuziba kingo pande zote, na kukiacha kwa saa 24: kikifunuliwa nacho kina umande chini yake, au zege limeingia weusi mahali pale, jawabu limekwisha patikana. Mbao nazo huletwa ndani na kuachwa siku kadhaa zizoee hewa ya mahali, maana ubao, ujapokuwa umepasuliwa zamani, hauachi kunywa unyevu wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi, nao huvimba na kunywea kwa upana, si kwa urefu. Kwa ajili hiyo huachwa nafasi ya milimita 10 au zaidi kati ya mbao na ukuta, nafasi inayofunikwa baadaye na skatingi. Kila ubao una ulimi upande mmoja na mfuo upande wa pili, na msumari hupigwa mshazari juu ya ulimi, kwa pembe ya digrii 45 hivi, hata ubao ufuatao ukiingia mahali pake msumari ule hauonekani tena abadan.

Fundi mwenye haraka aweza kuyaacha mengi katika mambo haya, na siku ya kukabidhi chumba kazi yake ikafanana na ya mwenziwe mwaminifu kwa kila alama, wakapokea ujira mmoja na shukrani moja. Wako wasemao kuwa hapana haja ya falsafa hapa, kwa kuwa ubovu utajifichua wenyewe: masika yatakapokuja, mbao zisizoachiwa nafasi zitasukumana na kuinuka katikati ya chumba, na aibu itamfuata aliyeziweka. Maneno haya ni kweli nusu. Aibu hufuata baadhi ya watu, lakini nyumba iliyojengwa mahali pakavu yaweza kumstahimilia mzembe miaka mingi, na fundi mwingine huhama mji kabla ya mvua. Wajibu unaotegemea kugunduliwa si wajibu, ni hesabu ya faida na hasara.

Wengine husema, na mimi nalisadiki neno lao kwa moyo wangu wote, kwamba Mwenyezi Mungu aona chini ya ubao kama aonavyo juu yake. Lakini neno hili, likisemwa kwa wepesi, humfanya Mola kuwa kama nyapara asiyelala, na fundi kuwa mtumwa anyooshaye kazi kwa kuogopa kiboko. Husimuliwa kwamba Rabia al-Adawiyya wa Basra, katika karne ya 8, alitamani Pepo ichomwe na Jahanamu izimwe, ili watu wamwabudu Mungu pasipo tamaa wala hofu. Naona habari hii yaingia hata katika karakana. Ihsani, ambayo wanazuoni wameiweka juu ya Uislamu wa viungo na imani ya moyo, si kuonwa tu. Ni hali ya mja aliyekwisha kupenda jambo jema kiasi kwamba kulifanya ovyo kungemuumiza yeye mwenyewe kabla ya kumuumiza mtu mwingine.

Na nani huumizwa, iwapo ubovu hautokei? Tutazame mti. Mche wa mninga, katika misitu ya miombo ya Tabora na Katavi, hufa juu ya ardhi kila kiangazi kwa ukame na moto, ukachipua tena mvua inaponyesha, na hali hii huendelea miaka mingi huku mzizi ukinenepa chini pasipo mtu kuutambua, mpaka utakapopata nguvu za kutoa shina lisilokufa; kisha shina hilo huhitaji makumi ya miaka kabla ya kustahili msumeno, na likikatwa hutoa utomvu mwekundu. Mtu aliyekosa subira ya miezi 4 kwa ajili ya zege, akauozesha ubao wa mti huo, amefanya khiana ijapokuwa mwenye nyumba hatajua sababu. Najua nitaambiwa kuwa mti hauna akili ya kudai. Mtoto yatima anyonyaye hajui hesabu ya mali yake, na Suratun-Nisaa haikumpunguzia haki kwa kutojua kwake. Bali imewaonya walao mali ya yatima kwa ukali mkubwa. Yatima atakua, nao mti hautafufuka kudai; kwa hiyo sisemi kwamba mti ndio mdai, nasema ni amana ya Muumba, na amana haipungui uzito kwa ukimya wake.

Pana jambo jingine dogo kwa umbo ambalo laogopesha. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani, yakirundikwa pembeni baada ya kupaka, huweza kujipasha moto yenyewe na kuwaka usiku, kwa kuwa mafuta hayo hukauka kwa kuvuta hewa na kutoa joto. Mwenye nyumba aonaye sakafu yake imemeta hana habari ya matambara yaliyosahauliwa stoo. Kuyatandaza nje mojamoja, au kuyatia majini, ni kazi isiyosifiwa na mtu, nayo yagusa roho za watoto waliolala.

Wengi hudhani kwamba umaliziaji ndio mlango wa riya, maana ndio uonekanao. Sikubaliani nao. Apigaye msasa wa namba 40 kisha akarukia 120, akaziacha 60 na 80, atauona ubao safi mbele yake. Vanishi ikishalowesha mbao, mikwaruzo yote aliyoiruka huinuka wazi. Umaliziaji, basi, wafichua.

Walakini mtihani mkubwa kuliko yote umo katika msasa huo huo. Ubao wa milimita 20 una takriban milimita 6 tu za mti juu ya ulimi wake, na kila sakafu inapopigwa msasa upya huondoka kiasi, pengine hata milimita 1. Sakafu iliyotunzwa yaweza kufanywa mpya mara kadhaa, ikahudumia watu watakaokaa, kula na kusujudu juu yake baada yetu. Mwenye nyumba aonapo kovu hafifu karibu na dirisha, humtaka fundi alichimbe mpaka litoweke, naye yu tayari kulipa. Kulichimba ni kutumia sehemu ya wakaaji ambao bado hawajazaliwa, wasioweza kumshukuru fundi wala kumshitaki. Mwenye nyumba akikataliwa atanuna, na aghalabu hununa. Nami nasema fundi asikubali.