Nywele Zilizo Chini ya Nywele

Soma kwa ajili ya somo hili: 1 Samweli 16:7, 2 Samweli 14:25, 26, Mathayo 10:30, 1 Wakorintho 6:19, 20, 1 Timotheo 2:9, 10, 1 Petro 3:3, 4.

Fikiria dada mmoja aimbaye sauti ya kwanza katika kwaya. Kila Sabato huja na wigi nadhifu, jeusi, linaloshuka hadi mabegani. Washiriki wanaoketi nyuma wana maoni mawili juu yake. Wengine husema wigi ni uongo na fahari ya dunia, na kwamba wazee wa kanisa wangepaswa kumwita. Wengine husema hayo ni mambo yake mwenyewe, aachwe. Makundi haya yamebishana kwa muda mrefu, na katika muda huo wote hakuna hata mmoja aliyejishughulisha kujua dada huyo ana hali gani.

Chini ya wigi kuna kipara. Kilianza juu ya masikio na pembeni mwa paji la uso, mahali ambapo rasta zilivutwa kwa nguvu tangu alipokuwa mtoto. Nywele zilipopungua, alisuka tena ili kuficha palipopungua. Na kila aliposuka, zilipungua zaidi. Wigi analovaa leo si tangazo la fahari. Ni pazia.

Je, ni vibaya kwa Mkristo kuongeza nywele, iwe kwa rasta, wivingi au wigi? Swali hili huulizwa mara nyingi, na mara nyingi hujibiwa kwa haraka. Lakini liko swali lingine linalopaswa kutangulia: mtu anakitendea nini kile alichokabidhiwa na Mungu, hasa pale pasipoonwa na watu?

Mitume walikemea nini?

Soma 1 Petro 3:3, 4 na 1 Timotheo 2:9, 10. Petro na Paulo wote wawili wanataja kusuka nywele. Msomaji wa Kiswahili husimama hapa kwa mshangao, kwa sababu kwake kusuka ni kazi ya kila juma. Bibi huketi barazani, mjukuu akakaa kwenye mkeka katikati ya magoti yake, na nywele zikasukwa ili zisijifunge wala kukatika. Je, mitume walimkemea bibi huyo?

Yafaa kuangalia kwamba Petro, katika fungu hilo hilo, anataja pia kuvaa mavazi. Kama kusuka kumekatazwa kwa kila namna, basi na mavazi yamekatazwa kwa kila namna, jambo ambalo hakuna anayelifundisha. Mitume wanaziweka nywele pamoja na dhahabu, lulu na nguo za thamani. Katika miji ya Dola ya Rumi, wanawake matajiri walikuwa na watumwa wa kuwatengeneza nywele zao kwa ustadi mwingi na kuzipamba kwa vitu vya thamani. Walinunua hata nywele zilizokatwa vichwani mwa watu wa makabila ya Germania, wakaziongeza kwenye zao. Kule Misri, mawigi yalivaliwa karne nyingi kabla ya Musa kuzaliwa. Nywele za kuongeza, basi, si uvumbuzi wa siku hizi, na mitume waliishi mahali zilipojulikana. Walichokemea ni kichwa kinachotangaza mali ndani ya kanisa ambamo mtumwa na bibi yake waliabudu pamoja.

Sasa soma 2 Samweli 14:25, 26. Nywele za Absalomu zilikuwa zake mwenyewe, kutoka mzizi hadi ncha. Hata hivyo alipozikata zilipimwa kwenye mizani, nazo zikafikia shekeli 200 kwa uzani wa mfalme. Kijana ambaye uzuri wake ulisifiwa katika Israeli yote ndiye aliyeinuka kumpokonya baba yake ufalme. Nywele za asili hazikumlinda na kiburi. Vivyo hivyo, nywele za kuongeza peke yake haziwezi kuthibitisha kwamba aliyezivaa ana kiburi. Ndiyo maana 1 Samweli 16:7 ni onyo kwa pande zote mbili: kwa anayejipamba, na kwa anayemtazama aliyejipamba.

Hekalu hadi utosini

Hata hivyo, haitoshi kusema kwamba Mungu huutazama moyo, kisha mtu akafanya apendavyo. Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na hekalu hilo halikomi shingoni. Ngozi ya kichwa ni ngozi hai. Nywele huota kutoka katika vishimo vidogo vya ngozi hiyo, na hurefuka takriban sentimita moja kwa mwezi. Mzizi ukivutwa siku baada ya siku, huchoka. Mwanzoni uharibifu huweza kurekebika: mtu akiacha kuvuta, nywele hurudi. Kuvuta kukiendelea kwa miaka, kishimo hufungwa na kovu, na hapo nywele haziwezi kuota tena.

Madhara haya yalielezwa na daktari mwaka 1907, naye aliyaona miongoni mwa wanawake wa Greenland, nchi ya barafu, waliofunga nywele zao kwa kuzivuta sana. Si laana ya nywele za Kiafrika, wala si kosa la rasta zenyewe. Ni tokeo la kuvuta. Lakini nywele zilizojikunja huhitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mafuta ya asili ya ngozi hayafiki kwa urahisi kwenye ncha zake, nazo hukauka na kukatika upesi. Zikiwa zimetiwa dawa ya kuzilainisha, kisha zikasukwa kwa kubanwa, hatari huongezeka.

Waadventista si wageni wa jambo hili. Mwaka 1871, katika gazeti la The Health Reformer, Ellen G. White aliandika kuhusu nywele za bandia zilizokuwa mtindo wa wanawake wa Marekani wakati huo, naye alilizungumzia jambo hilo kama suala la afya. Swali lake lingali na maana: mtindo huu unakifanyia nini kichwa cha anayeuvaa?

Majibu yake ni ya kawaida kabisa, nayo yapo mikononi mwa kila msusi. Nywele zioshwe na kukaushwa kabla ya kusukwa. Rasta ziwe nyepesi, na zisianze kwa kubana zile nywele laini za mbele. Ngozi ya kichwa iendelee kuoshwa hata wakati mtu amesuka, kisha ikaushwe vizuri. Rasta au wivingi vifumuliwe baada ya wiki sita hadi nane, na nywele zipewe muda wa kupumzika kabla ya kusukwa tena. Wigi lisigandishwe kwa gundi juu ya ngozi iliyokwisha kuumia.

Wakati wa kufumua, wengi hushtuka wakiona bonge la nywele kwenye kitana. Si lazima liwe balaa. Kwa kawaida mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku. Kwa wiki sita, hizo ni kati ya 2,100 na 4,200, nazo zilikuwa zimeshikiliwa ndani ya rasta zikisubiri kufumuliwa. La kuogopwa ni jingine: vipele kandokando ya nywele, maumivu yasiyokwisha, na paji la uso linaloonekana kupanuka mwaka hadi mwaka. Mwenye dalili hizo aache mtindo unaovuta na amwone daktari wa ngozi mapema, kabla kovu halijafunga mlango.

Machozi ya mtoto

Wako wasiojichagulia mtindo. Katika shule nyingi za Tanzania wasichana hukata nywele ziwe fupi. Likizo inapofika, mama hutaka binti yake apendeze, nazo nywele hazijashikika. Msusi huzibana kwa nguvu ili rasta zisiteleze. Mtoto analia. Anaambiwa avumilie, kwamba mvumilivu hula mbivu. Usiku hawezi kulaza kichwa kwenye mto.

Methali hiyo ni nzuri, lakini hapo imewekwa mahali pasipo pake. Uvumilivu wa Kikristo ni kustahimili taabu kwa ajili ya jambo jema lisiloweza kupatikana vinginevyo. Maumivu ya kichwa kilichobanwa ni onyo ambalo Muumba ameliweka mwilini ili mtu aache. Mtoto anayefundishwa kulinyamazisha onyo hilo ili apendeze hufundishwa pia kwamba sura yake ina thamani kuliko yeye mwenyewe. Soma Mathayo 10:30. Kama Baba amezihesabu nywele za kichwa, basi na zile zinazong'oka kandokando ya paji la uso la mtoto huyo anazijua.

Ijumaa jioni

Uwakili unahusu pia wakati na fedha. Kusuka rasta ndogo huweza kuchukua nusu ya siku au zaidi, na saluni hujaa Ijumaa. Ni mara ngapi jua limetua, kichwa kikiwa nusu kimesukwa na nusu kimetimka, dada akisema moyoni kwamba Bwana anaelewa? Bwana anaelewa kweli. Anaelewa pia kwamba Alhamisi ilikuwapo. Vivyo hivyo, ikiwa nywele zimenunuliwa kwa mkopo na ada ya mtoto haijalipwa, hakuna haja ya kuuliza kama rasta ni halali. Mtindo umekwisha kuwa bwana, na aliyeuvaa amekuwa mtumishi wake.

Kuficha na kuponya

Lakini je, nywele zisizo za mtu si udanganyifu? Uongo ni kukusudia kumpotosha mwingine. Mzee aliyewekewa meno ya bandia hasemi uongo anapotabasamu, wala mgonjwa aliyepoteza nywele kwa dawa za saratani hasemi uongo anapovaa wigi. Hatari ya pazia ni nyingine: humzuia hata mwenyewe kuona kilicho nyuma yake. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Nywele za kuongeza zinazompumzisha mtu na kumlinda ni msaada. Zinazoficha jeraha huku zikiliongeza ni adui aliyevaa vazi la rafiki.

Na hapa kanisa lina sehemu yake. Yule dada wa kwaya hakujificha kwa sababu ya saluni peke yake. Alijificha pia kwa sababu alisikia yaliyosemwa viti vya nyuma. Waliomhukumu walimfundisha kulibana pazia. Waliosema aachwe, nao walimwacha kweli, peke yake na aibu yake. Ukali haukumponya, wala kutojali hakukumponya.

Fikiria sasa kwamba mama mmoja mzee anamtembelea nyumbani siku ya juma, bila taarifa. Dada anafungua mlango akiwa hana wigi, anashtuka, anashika kichwa kwa mikono miwili. Mama yule hasemi neno. Anaingia, anaketi, anafungua kilemba chake mwenyewe. Juu ya masikio yake hamna nywele. Hazijaota kwa miaka mingi.

“Mwanangu,” anasema, “mimi sikuambiwa mapema. Wewe ungali na hizi za katikati. Kesho tutakwenda pamoja kwa daktari.”

Sabato inayofuata huenda dada akaja tena na wigi lake. Waketio nyuma hawataona badiliko lolote. Lakini halitakuwa tena pazia la kufichia jeraha lisilo na mtu wa kulitunza. Litakuwa kifuniko tu, na chini yake kitu kilichokabidhiwa na Mungu kimeanza kutunzwa. Utu wa moyoni usioonekana, ambao Petro aliusifu, hujidhihirisha pia namna hii: kwa jinsi mtu anavyoyatendea mambo yasiyoonekana, yaliyo yake na yaliyo ya jirani yake.

Maswali ya Kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya mapambo yanayotangaza mali na utunzaji wa kawaida wa mwili? Katika kanisa lenu, mstari huo hupita wapi? Je, wanaume nao hupimwa kwa kipimo hicho hicho?

2. Ni mambo gani mengine ambayo watu huyaficha kanisani kwa kuogopa maneno, hata yakazidi kuharibika?

3. Mzazi amfundisheje binti yake kupenda kupendeza bila kumfundisha kudharau jinsi alivyoumbwa?

4. Soma tena 1 Samweli 16:7. Ikiwa mwanadamu hawezi kuuona moyo, afanye nini anapoona jambo la nje linalomtia shaka kwa ndugu yake: anyamaze, akemee, au amtembelee?